Vipande Sita vya Duara

Katika chuo kile cha ualimu hapakuwa na mtu aliyewajua wanafunzi kwa idadi kama Bi Sensa. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za ajira tu. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti kilekile cha ofisi ya usajili, kabati la mafaili mgongoni, akiandika wanaoingia na kukata wanaotoka. Ukimwuliza ni wangapi wanatembelea magongo, au wangapi wameacha watoto nyumbani, alikujibu hujamaliza swali, tena bila kuinua macho.

Jumatatu moja mkuu wa chuo aliingia na kikombe cha chai mkononi. Alipoonekana hivyo, watu walijua hana nafasi hata ya kukaa chini.

"Bi Sensa, Alhamisi tuna wageni kutoka wizarani. Wanataka kuona kwamba chuo chetu kina watu wa kila aina. Nitengenezee chati moja, tuibandike ukumbini. Moja tu. Mtu apite, aone, afurahi."

"Chati ya namna gani, mkuu?"

"Mtaalamu ni wewe, mama."

Basi akamwita fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi, wakakaa mbele ya skrini. Walianza na duara. Wanafunzi walikuwa elfu moja mia mbili na kitu. Viziwi walikuwa wanne. Kipande chao kilitoka chembamba kama uzi.

"Huu ufa wa skrini?" aliuliza fundi.

"Ni wao."

Mmoja wa hao wanne alikuwa binti wa kaka yake. Bi Sensa alimlea tangu akiwa na miaka sita, na fomu yake ya kujiunga na chuo aliijaza kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo uzi ule hakuweza kuutazama kama fundi alivyoutazama.

"Halafu duara linataka kila mtu ahesabiwe mara moja," alisema. "Huyu binti yangu ni msichana, ni kiziwi, na kwao wanazungumza lugha ya mpakani. Nimweke kipande gani?"

"Mweke panapopendeza."

Wakajaribu nguzo. Wanaozungumza lugha kubwa walisimama hadi juu kabisa, na wale wanne wakawa kama mkwaruzo sakafuni. Ndipo fundi, kwa kuchoka tu, akabonyeza grafu ya mstari na kuingiza miaka mitano iliyopita. Viziwi: kumi na mmoja, tisa, tisa, sita, wanne.

Bi Sensa alisogeza kiti karibu na skrini. Mstari ulikuwa unateremka kama mtu anayeshuka ngazi bila kugeuka nyuma. Namba zote hizo aliziandika yeye, kila mwaka moja, na hakuna hata moja iliyomshtua. Sasa aliona zilivyopanga foleni. Zilianza kushuka baada ya mkalimani wa lugha ya alama kuondoka, na kiti chake kikabaki tupu.

Akaichapisha, akaipeleka kwa mkuu.

"Hii inashuka," alisema mkuu.

"Ndiyo, mkuu. Wanaondoka. Tangu mkalimani—"

"Nilikuomba chati, Bi Sensa, wewe umeniletea mashtaka." Kisha sauti yake ikalegea. Akavuta droo, akatoa barua tatu zilizogongwa mihuri. "Soma mwenyewe. Nimeomba mkalimani mara tatu. Unadhani nimekaa tu? Nikibandika hii wataniuliza kwa nini, na mimi jibu sina. Rudi kwenye duara. Vipande sita, rangi za kuvutia. Hao wachache wachache waunganishe, uwaite Wengineo."

Alitaka kukataa. Badala yake akazirudisha zile barua mezani. Akasema, "Sawa, mkuu," akarudi kwenye kiti chake. Aliwaunganisha viziwi, wasioona, wa magongo na wa lugha za mbali, wote kipande kimoja. Kompyuta ikakipa rangi ya kijivu. Alitafuta namna ya kuibadilisha, asiipate, na fundi alikuwa ameshatoka.

Alhamisi ukumbi ulifagiliwa mara mbili. Binti yake alikuja mapema, akasimama mbele ya duara, akageuka na kuuliza kwa mikono: mimi niko wapi?

Bi Sensa akaonyesha kipande cha kijivu.

Msichana alicheka hadi mabega yakatikisika. Rangi ya majivu, alisema kwa vidole. Mngenipa hata ile ya machungwa, shangazi. Kisha kicheko kikamwisha, akabaki ameangalia ukuta.

Wageni waliingia. Walisifu rangi. Mmoja wao, mama mwenye miwani, akasogea karibu na kumwuliza Bi Sensa, "Hawa Wengineo ni akina nani?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alijua hivyo, na hata namba zote tano alikuwa nazo ulimini. Mkuu alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameshika kikombe, anamtazama. Hakumkazia macho. Alimtazama kama mtu anayeomba.

"Ni mchanganyiko tu, mheshimiwa," alisema.

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu, akaelekea kwenye meza ya chai.

Amekuuliza nini? binti aliuliza kwa mikono.

Choo kiko wapi, alijibu Bi Sensa kwa vidole.

Msichana amesoma midomo ya watu maisha yake yote. Alimtazama shangazi yake kidogo, akakubali, kama unavyomkubalia mtoto anayekwambia hakuvunja kikombe.

Mkuu aliandika barua ya nne kuomba mkalimani, nayo haikujibiwa. Muhula uliofuata wawili kati ya wale wanne hawakurudi, na Bi Sensa akakata majina yao kwa rula. Tangu siku hiyo, saa yake ya chakula ikifika alifunga ofisi, akaenda darasani kukaa mbele ya binti yake ili amtafsirie. Lakini alama zake zilikuwa za nyumbani: kula, lala, njoo, funga mlango, usiogope. Mwalimu alikuwa anafundisha jinsi akili ya mtoto inavyokua, na alizungumza kama mtu anayewahi basi. Bi Sensa alishika neno moja, akapoteza saba. Akatengeneza "mtoto". Akatengeneza "kua". Halafu mikono ikabaki hewani, haina pa kwenda.

Binti alisubiri kwa upole. Kisha akaishika mikono ile miwili, akaishusha taratibu juu ya dawati, akageukia daftari la jirani yake na kuanza kunakili.