Huyu Si Mwewe

Mtaani kwetu Komarock, kila ndege mwenye kucha ni mwewe. Muulize yeyote. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama asiyepitwa na jambo, aliinua macho mara moja tu akatangaza, "Ni mwewe huyo," kisha akaendelea kuanika nguo zake. Mimi nimesimama pale na manyoya ya kifaranga mkononi. Nilichoka!

Ngoja nieleze habari ya hivyo vifaranga. Baba alipofariki, mama yangu alibaki peke yake nyumbani, huko magharibi. Siku moja akaanguka jikoni, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi jioni, mtu alipopita kuomba chumvi. Nilimleta Nairobi karibu kwa nguvu. Lakini kila wiki namkuta anapanga nguo kwenye begi, ati anaenda kwake. Ndipo nikapata akili. Nikamnunulia kuku mwenye vifaranga, maana mama yangu hajawahi kuacha vifaranga bila mtu wa kuviangalia tangu nimjue. "Haya," akasema, "nitakaa mpaka vikue." Mimi nikacheka kimoyomoyo. Vikikua vitataga, vitaatamia, na hesabu ianze upya.

Halafu huyo mshenzi wa ndege akaja. Kila akibeba kimoja, mimi naona mama yangu amelala tena kwenye ile sakafu. Vikiisha, anaondoka. Ilikuwa hivyo tu.

Jirani akanishauri nivipake rangi, eti mwewe hatavitambua. Hata nyumbani wanafanya hivyo, basi nikavipaka vyote zambarau, vidole vyangu pia. Woi! Kesho yake tu kimoja kikaenda na rangi yake. Nikatundika sidii kuukuu za nyimbo kwenye kamba zimulike huku na huku zimtishe. Zikanimulika mimi.

Hapo nikakasirika kiasi cha kuanza kusoma. Nikakaa kando ya kitalu cha sukuma wiki na simu yangu, nalinganisha picha na yule ndege. Mwewe namjua, si anashinda juu ya bucha akizunguka? Mkia wake umegawanyika nchani kama wa samaki. Huyu wangu mkia ulinyooka, una mistari. Kifua kina michirizi, miguu mirefu ya manjano, na jicho la manjano linalokutazama kama anakudai kodi. Tena hakutoka juu hata siku moja. Alijificha ndani ya mparachichi wetu, kimya, halafu anachomoka. Kipanga! Sote tunakodolea mbingu macho, kumbe mwenzetu tunakaa naye.

Nikamwita jirani juu ya ukuta. "Huyu si mwewe, ni kipanga!"

"Kwani kipanga hali kuku?" akaniuliza.

Haki, huyo mama!

Mama yangu naye alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, hana wasiwasi. "Muache," akasema. "Ndege naye ana watoto." Ati ana watoto! Mimi nahangaika kwa ajili yake, yeye anamtetea mwizi. Nilitamani kulia.

Nikaleta fundi, akazungusha wavu banda lote, juu na pembeni, akatia komeo mlangoni. Niliporudi kutoka kazini, kifaranga kingine hakipo. Nikamwita tena fundi nikamfokea mpaka nikakauka koo. Akafungua na kufunga ule mlango, akafungua na kufunga, akasema komeo ni zima. Nikamwambia kazi imemshinda.

Jumamosi nikabaki nyumbani, nikasimama nyuma ya pazia la jikoni. Kipanga akatokea, akatua kwenye tawi la chini. Nikavua slipa nimrushie. Kabla sijafika mlangoni, nikamwona mama yangu anakuja na leso yake mabegani. Akaangalia juu ya mparachichi, akavuta komeo, akasukuma kifaranga kimoja nje kwa mguu, polepole, kama anayemtuma mtoto dukani. Kisha akarudi nyuma kumpisha ndege.

"Mama!"

Hakushtuka. Kuku alikuwa anapiga kelele ndani ya wavu. Mama akarudisha komeo, akajaribu kama limeshika.

"Kimebaki kimoja," akasema.

"Mama, kwa nini lakini?"

Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. "Mwanangu, ningekwambia nataka kwenda kwangu, ungelia. Ukilia, mimi nabaki. Nikaona afadhali umkasirikie ndege."

Kipanga alikuwa juu ya ukuta sasa, anakula mbele yetu bila haraka yoyote. Slipa bado ninayo mkononi, na sikujua nimrushie nani.