Bwawa Alilochimba Baba

Udongo uliochimbuliwa sasa hivi unanukia ubaridi, chuma na majani yaliyooza. Nikiisikia harufu hiyo hata leo, narudi kwenye mwaka niliotimiza miaka tisa, bondeni, chini ya shamba ambalo babu alimwachia mama. Shamba lilikuwa kwenye vilima nyuma ya mtaa wa Kiriri, kule ambako nyumba za wakubwa zinakwisha na barabara inageuka kuwa njia ya miguu. Tulihamia huko kutoka mjini baada ya kufungwa kwa duka la mtaa wa Asiatique ambako baba alikuwa akishona nguo. Baba hakujua kulima. Viganja vyake vilikuwa laini kuliko vya mama. Lakini bondeni palikuwa na chemchemi ndogo, na asubuhi moja ya kiangazi alisimama hapo akamwambia mama, “Mi nitachimba bwawa hapa. Tutafuga samaki.” Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Alichimba kiangazi chote. Wiki ya kwanza viganja vilichubuka, akavifunga vitambaa alivyobakiza kutoka dukani, akaendelea. Wiki ya tatu mama aliacha kucheka, akachukua jembe lake akashuka. Mimi nilibeba udongo kwenye beseni na kuumwaga upande wa chini, ukingo ulipokuwa ukipanda. Kisha tukaleta udongo wa mfinyanzi, tukaumwagia maji na kuukanyaga sote watatu, tukishikana mabega, tope likitupanda hadi magotini. Ndivyo bwawa linavyofundishwa kushika maji, alisema baba, ingawa sijui yeye mwenyewe alifundishwa na nani.

Jirani yetu wa chini, Mzee Salvatori, hakufurahi. Aliwahi kubeba mizigo sokoni mjini, na Kiswahili chake alikitoa huko. Viazi vyake vitamu na nyumba yake vilikuwa chini kabisa ya ukingo wetu. “Baba Goreti,” alimwambia baba, akilitaja jina langu kama kawaida ya kwetu, “siku moja maji itapasua, itanikuta mu kitanda. Mi nitakuja na jembe, niibomoe kabla haijaniuwa.” Baba alimjibu kwa hasira, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mvua za kwanza zilipoanza, tuliielekeza chemchemi bwawani. Nilidhani maji yangeingia kwa kishindo. Yaliingia kimya, yakatandaza ngozi nyembamba juu ya tope, na kesho yake yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yangu. Kila asubuhi nilikimbia kuyatazama. Siku moja nilikuta wingu limelala ndani yake, jeupe zima, nikaogopa kuingiza mguu. Vyura walikuja bila kuitwa. Akaja ndege wa buluu mwenye mdomo mrefu, ambaye sikuwa nimemwona mlimani hata mara moja. Nani alimpelekea habari? Kisha baba akarudi kutoka mto Rusizi na bidoni la maji la njano kichwani, ndani yake vifaranga vya tilapia, kila kimoja kama punje ya mchele. Alipowamimina, walitoweka mara moja. Maji yakabaki kama yalivyokuwa.

Kwenye masika makubwa mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Asubuhi ya nne mama alipiga yowe kutoka bondeni. Maji yalikuwa yamefika juu ya ukingo, na mahali pamoja yalikuwa yameanza kuulamba na kuumega. Hapo hapo tulimwona Mzee Salvatori akipanda kwenye mvua, jembe begani. Baba alisimama mbele yake, mikono wazi.

“Apana, Mzee! Usibomoe!”

“Toka mu njia!” alifoka Salvatori. “Sibomoi. Maji inaomba mulango, na we hukuipa!”

Akampita baba, akaenda kwenye kona ya juu, penye ardhi ngumu, akaanza kukata mfereji wa pembeni. Baba alisita kidogo tu, kisha akaenda kuchimba upande wa pili. Mama na mimi tulikokota vigogo vya migomba na kuvisukuma kwenye jeraha la ukingo. Sijui tulifanya kazi muda gani. Nakumbuka sauti ilipobadilika: maji yalipata njia yao, yakashuka kwa kunguruma kando ya viazi vya mzee, na ukingo ukasimama. Wale wanaume wawili waliketi kwenye tope, wakihema, bila kutazamana. “Karibu chai,” baba alisema mwishowe. Mzee alikubali.

Tuliamini samaki wote wamekwenda na maji. Bwawa lilibaki jekundu hadi kiangazi kiliporudi. Ndipo adhuhuri moja, maji yakiwa yametakata, nilijilaza ukingoni nikamwona samaki mkubwa kama kiganja cha baba, na mbele yake wingu la vidoa. Kivuli changu kilipowaangukia, mama yao alifungua mdomo, na watoto wote wakaingia ndani. Akaufunga. Nilipojivuta nyuma, akawatoa tena, mmoja mmoja. Nilikwenda kuwaita baba na mama. Nilionyesha kwa kidole tu.

Sasa naishi mjini, na baba anaishi nami. Mwezi uliopita tulipanda kulitazama shamba. Matete yamekula upande mmoja, lakini maji yapo, na wajukuu wa Mzee Salvatori wanavua humo. Nilihesabu hatua juu ya ukingo wa bwawa ambalo kichwani mwangu ni ziwa. Upana wake ni hatua kumi na saba.

“Baba, ni hii tu?”

“Ni hii tu,” alisema, akicheka.

Nami sikucheka. Mwaka huu nilichimba shimo la taka nyuma ya nyumba yangu, linalofika kiunoni, na mgongo uliniuma wiki nzima. Nilirudi mwanzo wa ukingo nikahesabu upya, safari hii polepole, nikijaribu kukisia ni mapigo mangapi ya jembe yamo katika kila hatua, na kabla sijafika katikati nilishindwa kuhesabu.