Kura Tuliyopiga Baada ya Pepa ya Hesabu

Pepa ya hesabu ya Kidato cha Nne ilimgharimu baba yangu ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa, pamoja na ndama wake, waliouzwa kulipa karo, na nyumbani wakanywa chai ya rangi mwaka mzima. Nawaambia mapema, wenzangu wa enzi zile, mjue kwamba siku hiyo sikuingia chumba cha mtihani kutalii.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa huko juu Dundori, ambako baridi ilikuamsha kabla ya kengele. Kuoga asubuhi kulikuwa kunawa uso na kuomba msamaha. Githeri yetu ilikuwa mahindi yakitafuta haragwe moja. Lakini tulikuwa na starehe yetu, kulinganisha majibu. Pepa ikishakusanywa tulimwagika kwenye nyasi nyuma ya jikoni, na kwa kuwa majibu tuliyaandika kwenye karatasi zilezile za maswali, tulibaki na vichwa tu. Basi jibu la wengi ndilo lililokuwa sahihi. Mbishi alipigiwa kura.

Siku hiyo ubishi ulikuwa shamba. Swali lilikupa vipimo vyake kwa mita, likataka ukubwa wake.

"Eka tano, ama pungufu kidogo," akasema Wanjiru, kinara wetu wa hesabu.

"Tano!" tukaitikia kama kwaya.

"Mimi nimepata mbili," akasema Atieno.

Babake Atieno alikuwa fundi wa reli, na walikaa nyumba za reli mjini Nakuru. Sisi wengine tulikuwa watoto wa viazi.

"Mbili? Wee, hapo hata kuku wa mama yangu hawatoshei!" mmoja akadakia.

"Kwani wewe shamba umeliona wapi? Kwenye kalenda?"

Tulicheka mpaka mpishi akatoka na mwiko. Tukapiga kura ya eka tano, mikono yote ikapanda, isipokuwa wa Atieno. Hakubisha. Nilipomkuta bwenini alikuwa anafunga sanduku.

"Kama shamba tu limenishinda, kesho kwa pepa ya pili nitaandika nini?" akasema. "Baba anawaambia majirani naenda chuo kikuu. Afadhali nirudi nyumbani asubuhi nitafute kazi ya kiwandani, aache kujiaibisha."

Sasa, mimi ni mtu wa kuhesabu chenji mara mbili hata nikipewa na mchungaji. Mama alikuwa akiuza kabichi kando ya barabara, na alitufunza hivi: "Bei ya kwanza ni salamu tu. Usiilipe." Nikakaa kitandani pake nikairudia ile hesabu, nayo ikaanza kuninukia. Kupata eka ilibidi ugawe kwa elfu nne na arobaini na saba, na pepa ya kwanza haikuruhusu kalkuleta. Mtahini ni mkali, lakini si mchawi. Ukitaka hekta, unagawa kwa elfu kumi, sufuri zinakatika, unabaki na mbili safi.

"Atieno, swali lilisema eka ama hekta?"

"Hekta. Si ndiyo nikasema mbili."

"Na hukusema hekta!"

"Kwani kuna mtu aliuliza?"

Kwetu sisi shamba ni eka. Eka inarithiwa, inakodishwa, inagombaniwa na wajomba. Tulipoona shamba, macho yakasoma eka yenyewe. Hekta hatukuwahi kuiona ikipandwa viazi. Yule asiyekuwa hata na pa kupanda sukuma ndiye aliyesoma kilichoandikwa.

Nilipowaambia wenzangu, bweni likaguna kama lililofiwa. Wanjiru akalisukuma lile sanduku chini ya kitanda kwa mguu. "Keti hapa," akamwambia Atieno. "Unifunze kusoma swali kabla ya kesho."

Atieno akaketi, kesho yake akaandika pepa ya pili, na akaingia chuo kikuu, wa kwanza katika mstari ule wa nyumba za reli. Mimi niliingia soko, na silalamiki.

Leo binti yangu amefanya pepa yake ya kwanza ya hesabu. Ameingia hapa nyumbani Kiamunyi, akavua viatu, akaomba chapati. Kizazi hiki hupiga picha hata chapati kabla ya kuila, lakini nilipouliza wenzake wamepata ngapi, akaniambia, "Mathe, tulikubaliana hakuna kuulizana mpaka tumalize. Inatuvuruga tu."

Watoto wana busara, sikatai. Sisi tulivurugana hadi sanduku likafungwa. Lakini pia tulicheka, tukakosana, tukajuana. Hawa wametoka langoni mwa shule kila mmoja masikio yake yamezibwa kwa muziki. Hata hivyo anasoma mezani hapo akiimba polepole, na mtu anayeimba usiku wa kuamkia pepa ya pili ana matumaini yake.

Mimi ndiye niliyekwama. Nina swali moja tu: kulikuwa na shamba, na walitaka eka ama hekta? Nishaurini, wenzangu: nimuulize, ama nimwongeze chapati ninyamaze hadi kesho jioni?