Mulango wa Lupango

Ninyi bajukuu munaosoma hii, munanijua kuwa mugumu. Sikatai. Ninaandika kile ugumu wangu uliharibu, maana nikifa hakuna atakayewaambia.

Katika lupango yetu ya Naviundu, kiwanja chenye ukuta na mulango mumoja, kuna nyumba ndogo ya nyuma. Parokia iliweka humo mujane mumoja, mushonaji, muntu wa Kongolo kama baba yangu. Kodi ililipwa na parokia, kwa hiyo miaka miwili maneno yote ya nyumba nilizungumza na bamama ba komite ya parokia. Hata bati ikivuja, yeye alinyamaza, mimi nikangojea bamama.

Jumatatu moja asubuhi alinikuta natwanga sombe, majani ya muhogo. Akapiga goti kidogo, akasema mama yake iko mugonjwa sana kule Kongolo, treni inaondoka leo mchana, anaenda nayo na hatarudi kukaa tena. Ile treni haina siku yake. Ukiikosa, unaweza kungoja hata mwezi.

Nikamuuliza karatasi ya parokia ya kumuruhusu kutoka iko wapi. Akasema padiri ameenda Likasi, atarudi kesho.

"Basi kesho utaenda," nikamuambia. "Hukuingia hapa kwa neno lako, hutatoka kwa neno lako."

"Mama, treni haitaningoja."

Niliogopa komite itasema nimemufukuza mujane. Nikafunga mulango wa lupango, ufunguo nikaufunga katika ncha ya kitenge, nikarudi ku sombe yangu. Batoto bangu bakubwa balikuwa pale, hakuna aliyefungua kinywa. Ndivyo nilivyobalea, batii tu.

Mchana tukasikia honi ya treni. Mujane alikuwa amekaa juu ya mutumba wake. Hakulia. Alifungua mutumba, akatoa sahani, akaenda kuiosha, nayo ilikuwa safi tayari.

Kesho yake mukubwa wa komite akafika, nikamueleza kwa kujisifu. Akanitazama.

"Mama, sisi tunalipa nyumba. Muntu hatumulipi."

Kabla ya juma kuisha simu ikatoka Kongolo. Mama ya mujane alikuwa amekwisha kuzikwa.

Alingoja treni nyingine karibu mwezi. Kila asubuhi alinisalimia sawasawa, na mimi nikamurudishia salamu tu. Siku ya kuondoka alifagia nyumba mpaka ku mulango. Sikumuomba musamaha. Nilimupa unga wa njiani, ni hivyo tu.

Jioni nikapigilia musumari kando ya mulango wa lupango, nikatundika ufunguo, nikaita bote ba nyumba.

"Ufunguo hautoki hapa tena. Muntu akisema anaenda, mumufungulie kwanza, halafu ndipo muje kuniambia."