Katika Filamu Zile Hakuna Anayegeuza Kikombe

Kwa nyanya yangu kule Kabuchai, chai haiishi kwa sababu birika limekauka. Huisha mgeni anapogeuza kikombe chake, mdomo chini, juu ya kisahani. Kabla ya hapo utaongezewa hata ukisema umeshiba, maana kusema umeshiba ni adabu tu na kila mtu anajua. Lakini kikombe kikishageuzwa, mkono ulioshika birika husimama palepale hewani. Sijawahi kumwona mtu akimimina chai juu ya kikombe kilichogeuzwa.

Desturi hiyo ndiyo mimi na mume wangu tuliyoichukua tulipohitaji ishara yetu wenyewe.

Tunaishi Kitale, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya mahindi. Yeye ni msimamizi wa ghala moja. Wiki nzima hutafuna punje: anatia moja kati ya meno, anaivunja, anasikiliza mlio wake, kisha anamwambia mkulima kama mahindi yamekauka ama ayarudishe juani. Wapagazi humwita mkubwa. Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, mkubwa huvua saa yake na kuiweka mkononi mwangu. Kuanzia hapo mpaka jua liguse paa la ghala, mimi ndiye ninayeamua: akae wapi, aseme lini, avae nini, macho yake yafungwe kwa leso au yaachwe wazi. Nikimwambia apige magoti, anapiga. Mengine ni yetu. Karibu na mkono wake huwa kuna kikombe, na akikigeuza, au nikikigeuza mimi, kila kitu kinasimama na hakuna anayeulizwa kwa nini mpaka atake mwenyewe kusema.

Aliniomba jambo hili mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, akiwa anakatakata sukuma wiki, bila kuniangalia. Nilicheka, kwa woga zaidi kuliko kwa furaha, kisha nikamuuliza maswali mengi mpaka maji yakachemka na kukauka motoni. Sikujua kwamba nami nilikuwa na sauti ile ndani yangu, ya chini, isiyo na haraka. Nilipoitumia mara ya kwanza niliona mabega yake yakishuka, kama mtu anayetua gunia. Nikampenda upya.

Nilipofika sura ya saba ya riwaya yangu, nikataka kuandika juu ya mke na mume wa namna hiyo. Nilimwomba ruhusa.

"Andika," akasema. "Bora nisijulikane. Hapa mtu akionekana anaosha vyombo tu, wanasema amekaliwa na mke."

"Utaisoma kwanza?"

"Hapana. Nitaisikia na wengine kwenye kikundi chenu huko Bungoma. Nakuamini."

Mtu angefikiri kwamba ningeangalia tu nyumbani kwangu na kuandika. Sikufanya hivyo. Nilikuwa mwandishi kijana, na niliamini kwamba kilicho ndani ya nyumba yangu, pamoja na kuku wa jirani anayeingia bila hodi, hakiwezi kuwa fasihi. Nikaenda kutafuta filamu.

Duka la filamu liko karibu na kituo cha tuktuk, ukuta mmoja na kinyozi. Mama mwenye duka alichukua flashi yangu, akaniuliza kwa sauti iliyofika barabarani: "Unataka zile za watu kufungana kamba?"

"Ni za riwaya," nikasema.

"Hata wewe! Wote husema ni za kitu."

"Si ungesema tu unazipenda, bana," kinyozi akaongeza kutoka upande wa pili, na mteja wake akacheka na povu kidevuni.

Mama alinijazia flashi. Aliponirudishia akasema kwa sauti ya chini, kama anayenionya juu ya samaki wa jana: "Mimi nilitazama moja nikalala. Ati wanapendana, na hakuna anayecheka."

Nilizitazama zote, mchana, mapazia yamefungwa. Zilikuwa nzuri kwa macho. Nyumba zilikuwa za vioo, na mvua ilinyesha juu ya vioo hivyo kwa mpango. Mwanamume alikuwa tajiri na amenuna. Palipokuwa na karatasi ya makubaliano, iliwekwa sahihi kama ya kununua shamba, kisha ikasahauliwa. Mwanamke akiwa ndiye mwenye amri, alivaa nguo nyeusi na mwisho wake ulikuwa mbaya: aliuawa, au alifungwa, au alibaki peke yake akitazama bahari. Na katika kila filamu, mahali fulani kabla ya mwisho, mtu alikaa kitandani akaeleza jeraha lake la utotoni, na muziki ukalia. Jeraha ndilo lililokuwa ufunguo. Likipona, kamba hutupwa, na wawili hao hugeuka kuwa watu kama wengine.

Hakuna aliyekufa ganzi mguu. Hakuna jirani aliyebisha hodi kuomba chekecheke, kama wetu alivyofanya Jumapili moja, mkubwa wa ghala akiwa amepiga magoti nyuma ya kochi, akiuma mkono wake asicheke. Hakuna aliyeuliza, "Uko sawa?" Hayo yote niliyaona, tena niliyaandika pembeni mwa daftari. Kisha nikaandika sura yenye vioo, mvua na jeraha.

Kikundi chetu cha waandishi hukutana Bungoma, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, sebuleni kwa mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu tu. Kuna viazi vitamu, njugu, na birika ambalo nadhani halina mwisho. Mume wangu alikaa karibu na mlango, kikombe cha kwanza mkononi. Waliobaki walimjua kama mume aliyenisindikiza.

Nikaanza kusoma. Sikufika mbali kabla ya karani wa kaunti, ambaye huandika mashairi na hawezi kunyamaza, kuinua mkono.

"Samahani. Hii nyumba ya vioo iko Kitale wapi? Na hii mvua ya mawe ya mwezi wa kwanza?"

"Muache asome," Mwalimu akasema. "Wewe mashairi yako yana theluji, tumekuuliza?"

Tulicheka sote, mume wangu pia. Nikaendelea. Nikafika mahali mume wa kwenye riwaya anapokaa kitandani kueleza asili ya magoti yake: baba yake, mkulima wa mlimani, aliyemfungia stoo ya vitunguu na kumchapa kwa mjeledi wa ng'ombe. Niliipenda aya hiyo. Ilikuwa na mdundo.

Nikasikia kauri ikigusa kauri. Niliinua macho. Mume wangu alikuwa amegeuza kikombe chake juu ya kisahani, na mkono wake ulikuwa bado juu yake.

Nilinyamaza katikati ya sentensi.

"Mkwe wetu!" Mwalimu akasema, birika tayari mkononi. "Kikombe kimoja tu? Ama chai yangu haina majani?"

"Ni tamu, Mwalimu. Nimetosheka."

Walikuwa wakiningoja. Nilikunja karatasi zangu. "Naomba niishie hapa," nikasema. "Sura hii si yangu. Nimeiazima mahali."

Karani akafungua mdomo, Mwalimu akampa kiazi.

Tulipotoka tulitembea kando ya barabara, tukiwapisha matrekta yaliyobeba miwa. Nilikuwa nikiogopa. Nilidhani nimevunja kile kitu ambacho hatukuwa tumekipa jina, na kwamba Jumapili hatanipa tena saa yake.

"Umekasirika?" nikauliza.

"Sijakasirika. Nimegeuza kikombe tu."

Tukatembea kidogo. Trekta moja likaangusha muwa; akauokota, akauvunja kwa goti, akanipa kipande cha chini, kilicho kitamu zaidi.

"Mzee wangu," akasema, "hajawahi kunipiga hata kofi. Unamjua. Yule huimbia ng'ombe akiwakamua. Na wewe umempa mjeledi mbele ya watu, ili mimi nieleweke."

"Si yeye. Ni riwaya."

"Vitunguu ni vyake. Mlima ni wake." Akatafuna. "Na hata kama ungeandika baba wa mtu wa mbali. Kwani lazima niwe nilivunjwa? Kuna mtu hupenda samaki, kuna mtu hupenda kwaya. Hakuna anayewauliza walifanyiwa nini."

Nilikuwa nimekaa naye Jumapili zote zile, nimeona furaha yake kwa macho yangu, kisha nikaenda kuwaamini watu wa kwenye flashi waliosema furaha hiyo ni ugonjwa.

"Nitaiandika upya," nikasema.

"Najua. Ndiyo sababu sikusema, niligeuza. Nilijua utasimama." Akatema makapi ya muwa. "Na ulisimama mbele ya watu wote wale. Kati ya wale wa filamu zako, yupi angesimama?"

Kesho yake, baada ya kanisa, alivua saa, akaiweka mkononi mwangu kama kawaida. Ilikuwa bado na joto la mkono wake.

Niliandika sura ya saba upya kwa wiki tatu. Nyumba ikawa ya vyumba viwili. Chekecheke likaingia, na kuku, na ganzi ya mguu. Baba wa yule mume akabaki mlimani akiwaimbia ng'ombe wake. Kila jioni nilimsomea mume wangu kurasa alizotaka kusikia, akaniondolea sentensi mbili, moja kwa sababu ilikuwa yetu mno, nyingine kwa sababu, alisema, ilikuwa inajipenda.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi tukarudi Bungoma. Alikaa palepale karibu na mlango. Nilisoma sura nzima, na nilipofika kwa jirani na chekecheke Mwalimu alicheka mpaka akaweka birika chini. Nilipomaliza, karani akainua mkono.

"Nimeipenda. Lakini huyu mume, kwani alifanyiwa nini utotoni?"

"Si amesema anapenda tu," Mwalimu akamjibu. "Wewe hupendi kitu?"

"Napenda, lakini lazima kuwe na sababu, bana."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amenyoosha kikombe chake, mdomo juu, kuelekea kwa Mwalimu.

"Niongezee," akasema.