Askari wa Kike wa Sinema

Gari la sinema lilifika kijijini kwetu, juu ya barabara ya Bumbuli, jioni ya kuamkia mafunzo yangu ya mgambo. Nilikuwa msichana pekee niliyejiandikisha. Baba alikuwa amekubali baada ya kununa wiki nzima.

Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule. Ilikuwa picha ya kuchekesha ya jeshi, ya kigeni, na mwenye gari alitusimulia kwa kipaza sauti. Askari mmoja alikuwa mwanamke. Kazi yake ilikuwa kujipaka poda, kuogopa panya na kuanguka.

"Hilo ndilo jeshi la wanawake," akasema mwenye gari, na watu wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka kidogo, mpaka nilipoona wananitazama.

Njiani kurudi nyumbani baba alisema, "Kesho huendi. Sitaki mwanangu achekwe na kijiji."

"Baba, yule analipwa ili aanguke. Mimi hakuna anayenilipa."

Akatangulia mbele. Hakuwa ameniruhusu, nilijua, lakini nilikuwa nimeamua. Alfajiri nikaondoka.

Kule mafunzoni, kila nilipopita, wanaume walijifanya wanajipaka poda. Mkufunzi naye alitabasamu. Nilikasirika, na hasira ile ilinisaidia. Tangu utotoni nilikuwa nikipandisha kuni mlima uleule aliotukimbiza. Bunduki ya mti ya mazoezi ingenishinda vipi?

Siku ya gwaride la mwisho mvua ilikuwa imenyesha. Mbele ya kijiji kizima niliteleza, nikaanguka chali. Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Niliinuka na tope mgongoni, nikaokota bunduki, nikaitafuta hatua ya wenzangu, nikaendelea. Sikumtazama baba, maana ningelia. Nyumbani hakuligusia jambo lile, na mimi sikumuuliza.

Miezi ikapita, gari likarudi na picha ileile. Baba na mimi tulikaa mbele. Yule askari alipotokea na kopo lake la poda, watu walianza kucheka hata kabla hajaanguka. Baba akasimama, kivuli chake kikajaa kwenye shuka.

"Mzee, unatuziba," wakalalamika walioketi nyuma.

Hakuharakisha. Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akaokota kigoda chake, akanigeukia.

"Twende nyumbani, askari," akasema.