Nilishukuru Kuachiwa Nyumba Yangu Mwenyewe

Admin, nifiche jina. Mtaa ukitaka kuutaja sema Igogo tu, huku juu kwenye mawe. Anayenijua atanijua, na shemeji yangu asome vizuri, maana najua yumo humu.

Nina miaka 36, ni mjane na mama wa watoto wawili. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, aliugua akafariki mwaka juzi. Kiwanja tulinunua mimi na yeye, mjumbe na majirani wakiwepo. Wanaoijua Mwanza wanajua kujenga mlimani ni kazi gani: unawasha moto juu ya jiwe mpaka lipasuke, ndipo upate pa kuweka msingi. Moto ule nilikuwa nachochea mimi, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Kokoto nilibeba mimi. Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu na hakubeba hata ndoo ya mchanga. Alikuwa anakuja kukagua tu, mikono nyuma, kama mhandisi wa serikali.

Siku ya kuanua tanga ukoo wote ulikuja kutoka Sengerema. Wazee wakakaa, wakatoka na kauli kwamba mama watoto abaki kwenye nyumba na wanawe. Nikaambiwa niseme neno. Kwetu mjane akipewa nafasi hanyamazi, na mimi nimelelewa. Nikapiga magoti nikasema, "Nawashukuru sana wazee wangu kwa kuniruhusu nibaki hapa na watoto." Nilisema kwa adabu tu, kama unavyomwambia mgeni hapa ni kwako. Kumbe shemeji aliliweka akiba.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani nakunywa chai na mwanaume. Sifichi, nampenda na ana nia ya kunioa. Ilikuwa mchana kweupe, watoto wanacheza hapo hapo. Shemeji akaingia, hata hodi hakupiga.

"Huu uhuru wa kukaribisha wanaume tumekupa lini?"

"Shikamoo shemeji," nikamjibu. "Uhuru wa kunywa chai na mtu haugawiwi na ukoo."

"Kwenye nyumba ya mdogo wangu?"

"Kwenye nyumba yangu na wanangu."

Akacheka kwa dharau. "Nyumba yako? Si ulipiga magoti wewe mwenyewe ukatushukuru kwa kukuruhusu? Mtu anashukuru kwa kitu chake? Hiyo ni hisani, shemeji, na hisani ina mwisho."

Maneno yale niliyasema kweli, na ukoo mzima ulisikia.

Kesho yake akatukatia maji. Tulikuwa tunachota kwenye bomba lake tangu marehemu yuko hai. Hapo sina ugomvi naye. Bomba ni lake, bili analipa yeye, ile ilikuwa fadhila na nilimshukuru kila nilipochota. Amechoka kutoa, basi, nanunua maji kwa jirani. Lakini nyumba si bomba! Na ninayekunywa naye chai hamhusu yeye, hata awapange wazee wote wa Sengerema mstari mmoja. Huyu mtu amechukua bomba lake, nyumba yangu na maisha yangu, akatia vyote kapu moja, kisha anataka nimshukuru kwa kapu zima. Hata ingekuwa fadhila, si wanasema tenda wema nenda zako? Wewe mbona huendi? Kutwa uko mlangoni kwangu!

Sasa ameitisha kikao Jumamosi hii. Anataka nimwache yule mwanaume, nipige magoti mbele ya wazee niombe radhi, na nishukuru upya. Nikikataa nitoke, aingie mwanawe anayetaka kuoa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Kinachonitesa ni mama mkwe. Nampenda yule mama, ndiye aliyenikanda nilipojifungua, mara zote mbili. Alikuja juzi, akanishika mkono.

"Sema asante mwanangu, yaishe. Asante ina uzito gani?"

"Mama, ile ya kwanza ndiyo imenifikisha hapa."

Akalia. Nikaanza kulegea. Nikasema moyoni, acha nipige hayo magoti, ni dakika moja tu, watoto wapate kulala kwa amani.

Jana jioni binti yangu wa miaka minane akarudi na ndoo imejaa. Nikamuuliza maji ametoa wapi.

"Kwa baba mkubwa. Ameniuliza nalala nyumbani kwa nani."

"Ukamjibuje?"

"Nikasema, kwako, baba mkubwa. Akasema basi shukuru. Nikapiga magoti nikashukuru, ndio akanifungulia bomba."

Alikuwa anatabasamu, anadhani amefanya vizuri. Na kweli alifanya kama alivyoniona mimi nikifanya. Maji nikayamwaga yote, yeye akabaki ananitazama.

Humu kuna watu wazima, wanasheria, wajane wenzangu. Nikishukuru Jumamosi tutabaki, ila mwanangu atakua akijua analala kwa ruhusa ya watu kwenye nyumba ya baba yake. Nisiposhukuru, vita vitaanza, na huenda nikampoteza mama mkwe. Nishaurini, nifanye nini? Lakini wewe utakayeniambia nipige magoti, niambie kwanza nimweleze nini huyu mtoto.